Kijivu Chenye Ukijani

Jumatatu, 14 Novemba 1994

Ofisi ya kazi imenipa mkataba hadi mwisho wa Aprili. Nilichanganya rangi za mabehewa ya treni kwa miaka ishirini na tisa, kisha kiwanda kikafungwa nikakaa dirishani miaka miwili. Leo nimevaa tena ovaroli. Imenibana tumboni, lakini zipu imefunga.

Jumba lenyewe la makumbusho ni banda la matrekta la ushirika wa zamani hapa Dambow. Paa linavuja sehemu tatu. Mkuu wake ni Daktari Volkmar Ostertag, mtu wa Magharibi, ng'ambo ya mpaka wa zamani, mrefu, mwenye mikono misafi kupita kiasi. Fundi ni Henning Wiechmann, ambaye zamani alikuwa akitengeneza ndege za kunyunyizia dawa mashambani. Tulisoma shule moja. Aliponiona alicheka, akasema sasa wazee wote wa wilaya watahifadhiwa pamoja na vyuma.

Jumatano, 16 Novemba

Mvua. Nimeosha tope siku nzima.

Jumatatu, 21 Novemba

Leo Ostertag amenieleza kazi, na sijaipenda.

Ndege iliyopo katikati ya banda ni ya mafunzo, ya viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Iliopolewa ziwani mwezi uliopita. Vibao vya namba havipo, kwa sababu wapiga mbizi waliving'oa miaka ya sitini wakaenda kupambia kuta zao. Kwenye tope la kiti cha mbele palikuwa na mifupa michache ya mtu mmoja. Ofisi ya makaburi ya vita imeichukua, na inasubiri ripoti yetu ili ijue iandike jina gani kwenye jiwe.

Ostertag analo jina tayari: Kapteni Lothar Brenneisen, mwenye nishani shingoni, aliyepotea Agosti 1943 akiwa peke yake angani. Chama cha marubani wastaafu kimeshaahidi shada la maua, hotuba, na paa jipya kwa banda letu. Mimi natakiwa nichukue vipimo viwili vitatu vya rangi ya ndani kwa ajili ya ripoti, halafu nipake chumba chote cha rubani upya kwa kijivu cheusi, namba 66. Ndege ya Kapteni ilitoka kiwandani Mei 1943, na amri ya kupaka vyumba vya marubani rangi hiyo nyeusi ilikuwa imetolewa tangu mwishoni mwa 1941, ili kioo kisimrudishie rubani mwangaza machoni.

Nikamuuliza, na kabla ya amri hiyo? Akasema kabla yake ilikuwa namba 02, kijivu chenye ukijani. "Lakini hilo halituhusu, Bi Dethloff."

Jumatatu, 28 Novemba

Linatuhusu.

Ubao wa saa za vipimo, mbele ya rubani, ni mweusi, kama alivyosema. Lakini ubao wa saa hausemi kitu, maana hata kwenye ndege za mwanzo ulipakwa mweusi. Nilikwenda kwenye ukuta wa kushoto. Nikafungua skrubu nne za kibano kinachoshika bomba, mahali ambapo maji hayakuingia sana wala jua halikufika, nikakwangua kwa kisu kidogo cha daktari. Chini ya kibano palikuwa na kijivu chenye ukijani, rangi ya supu ya njegere iliyolala. Chini yake, chuma kitupu. Juu yake, hakuna tabaka jingine.

Nikafanya hivyo sehemu kumi na moja: ukuta wa kulia, sakafu, chini ya viti vyote viwili, kwenye mbavu za bodi. Kote supu ya njegere.

Henning alikuwa nyuma yangu ameshika taa.

Jumanne, 29 Novemba

Ostertag anasema ni mwani. Miaka hamsini majini, chochote kitakuwa kijani. Nikamwambia mwani hauingii chini ya kichwa cha skrubu. Akaniambia mimi ni mpaka rangi hodari na yeye anaheshimu kazi ya mikono. Nimerudi nyumbani nikamenya viazi vya watu sita, na naishi peke yangu.

Alhamisi, 1 Desemba

Theluji ya kwanza. Nimeomba hadubini shuleni. Mwalimu amenipa bila maswali.

Jumanne, 6 Desemba

Leo alikuja mwanamke wa miaka sabini na minane, amevaa buti za mpira na koti zuri la kwendea kanisani. Jina lake Irmgard Kolbow. Alikuja kwa basi kutoka upande wa pili wa ziwa, akauliza kama yeye anaruhusiwa kuona kilichotolewa majini. Ostertag hakuwepo. Nikampa kiti na kahawa.

Kaka... hapana, mdogo wake, Joachim, ambaye nyumbani aliitwa Jochen, alikuwa mwanafunzi wa urubani. Februari 1941 alipaa peke yake mchana wa theluji, hakurudi. Mama yao alipata barua ya mistari minne. Kila mwisho wa kipupwe, barafu ilipoanza kuvunjika, mama yule alikwenda kusimama ufukweni, hadi mwaka aliokufa. Irmgard alikwenda kuuliza ofisini baada ya vita, akaambiwa subiri. Akauliza tena wakati wa serikali yetu ile ya kabla nchi haijaungana, akaambiwa anayemlilia askari wa jeshi lile ajiangalie. Amesoma gazetini kwamba mtu aliyetolewa majini ni Kapteni.

"Mimi sisemi ni Jochen," aliniambia. "Alikuwa na miaka ishirini, kavaa sare ile, na alikuwa anaiamini, sikufichi. Simtafutii nishani. Nauliza tu, mwanangu, huyo Kapteni mmemjuaje?"

Nikamwonyesha ukuta wa kushoto na maana yake. Alitazama muda mrefu, mikono ameifunga nyuma kama mtu aliyekatazwa kugusa.

Alipoondoka, Henning aliniambia nimekosea kumpa bibi wa watu matumaini. Nikamwambia sikumpa matumaini, nilimpa kahawa.

Jumatatu, 12 Desemba

Ostertag amemleta mjuzi wake, mkusanyaji wa vipande vya ndege, na begi lenye kadi za rangi. Alikuwa na adabu. Alisema wakati wa vita viwanda vilitumia kilichokuwepo ghalani, kwa hiyo 02 inaweza kutokea hata mwaka 1943. Hoja hiyo si ya kipuuzi na niliikubali. Lakini nilimuuliza: mabaki ya ghalani yangetosha kipande kimoja, viwili, je, chumba kizima, mbele na nyuma, kila ubavu, bila doa hata moja la nyeusi ukutani? Akafikiri, akasema ni nadra. Ostertag akaandika kwenye daftari lake "inawezekana". Niliona. Mimi nikaandika kwenye langu "ni nadra".

Kisha Ostertag akanikabidhi ripoti iliyokwisha kupigwa chapa, imebaki sahihi yangu. Nikamrudishia. Akasema nifikirie wakati wa Krismasi.

Jumanne, 20 Desemba

Ziwa limeganda. Sijafikiria chochote.

Jumatatu, 9 Januari 1995

Siku mbaya kuliko zote.

Nilirudi kazini baada ya likizo, nikawasha taa, na kwenye ukuta wa kushoto, chini ya kibweta cha ramani, pana kijivu cheusi. Kipande kikubwa kama viganja viwili, kimechakaa pembeni, kina tope kwenye mikwaruzo. Na kiko juu ya kijivu chenye ukijani. Maana yake ndege ilipakwa upya baada ya amri. Maana yake si ndege ya Februari 1941, na inaweza kuwa ilitoka kiwandani 1943 na mabaki ya 02 ya ghalani, ikafunikwa nyeusi, na Ostertag yuko sahihi.

Henning anasema tope lilikauka wakati wa likizo, akalisugua, kikatokea.

Sehemu ile niliiosha mwenyewe Novemba. Au nadhani niliiosha. Nina miaka hamsini na mitatu na miwani mipya. Inawezekana nilipitisha kitambaa tu, kwa sababu nilikuwa nimeshapata nilichotaka kukipata. Nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikajiuliza kama tangu tarehe sita Desemba nimekuwa nikitazama rangi au nikitazama buti za mpira za yule mama.

Ningeweza kukikwangua na hakuna ambaye angejua. Nakiri hapa kwamba wazo hilo lilinijia na nilishika kisu. Nikakirudisha mezani, nikaenda ofisini kumwambia Ostertag mwenyewe. Nilitegemea atatabasamu. Hakutabasamu. Alitazama kwa kioo cha kukuzia, akasema, "Asante kwa kuniambia. Si kila mtu angeniambia." Hilo limeniuma kuliko kicheko.

Jumanne, 10 Januari

Bado nyeusi.

Ijumaa, 13 Januari

Baridi ya nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Maji yameganda kwenye ndoo. Nimempigia simu Bi Irmgard nikamwambia ukweli wote wa kile kipande. Akanishukuru, akauliza kama bandani pana joto.

Jumatano, 18 Januari

Nimejua. Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi nilisogeza taa ili nipime ukubwa wa kipande kile kwa ajili ya ripoti. Kona yake ya chini inafika pale bodi ilipochanika ndege ilipopiga maji. Ukingo wa mchaniko ni chuma kilichopasuka, kimekunjika kuelekea ndani. Kijivu chenye ukijani kinaishia ukingoni, kimemeguka, kama rangi yoyote inavyomeguka chuma kikipasuka. Lakini kijivu cheusi hakikumeguka. Kimepita juu ya ukingo, kikashuka ndani ya mpasuko, kikajaza tundu la ribiti iliyong'oka.

Nikasimama hapo nikakirudia kichwani mara tatu, kama mtoto anayejifunza hesabu. Rangi haiwezi kuingia kwenye mpasuko kabla mpasuko haujatokea. Ilipakwa baada ya ndege kuanguka.

Nikachovya pamba kwenye thina. Rangi ya zamani ya kijeshi ilikuwa inanishinda dakika nzima ikiwa imekauka kama kigae. Hii ilitoka kwa mguso wa kwanza, na harufu ikanipanda puani. Nikaweka pamba chini ya hadubini. Ndani ya rangi palikuwa na chembe nyeupe za ulanga, poda ya watoto wachanga. Novemba nilikosa unga wa kufifisha mng'ao, nikatumia poda ya dukani kwenye mkebe wa majaribio wa kijivu cheusi. Mkebe mmoja tu. Hakuna mtu mwingine duniani aliyechanganya rangi ile. Ni yangu.

Na funguo za banda wakati wa likizo walikuwa nazo wawili: Ostertag aliyekuwa kwao kusini na familia yake, na Henning.

Alhamisi, 19 Januari

Henning hakukana. Nilimwekea pamba ile mbele yake kwenye meza ya kulia mkate, akaitazama, akaendelea kutafuna polepole kama mtu mwenye jino bovu.

Nilitaka akane. Ningekuwa na mtu wa kumpigia kelele.

Alisema bila Kapteni hakuna shada, bila shada hakuna chama, bila chama hakuna paa, na bila paa hakuna banda. Ana miaka hamsini na mitatu kama mimi. Amekwisha kupanga foleni ofisi ya kazi akaulizwa na binti wa miaka ishirini na mitano kama anajua kuvaa vizuri kwa usaili. Hawezi kurudi kule.

"Yule amekufa, Sieglinde," alisema. "Yeyote yule. Amekufa. Sisi ndio tuko hai."

"Na Irmgard?"

"Amengoja miaka yote hiyo. Amezoea."

Nikamwambia arudie. Akaweka mkate chini, akajifunika uso kwa kofia yake.

Nikamwambia sitamtaja. Lakini kile kipande atakitoa yeye mwenyewe, kwa pamba na kijiti, nusu sentimita kwa nusu sentimita, na akikwangua hata chembe ya rangi ya chini nitabandika jina lake kwenye mlango wa kanisa. Na hatakitoa leo. Kwanza kitaonwa.

Jumatatu, 23 Januari

Ostertag alirudi safarini leo. Nilimpeleka kwenye ndege, nikampa taa, pamba na thina, sikumwambia kitu. Nilitaka aone kwa macho yake, maana maneno yangu alikuwa na mahali pa kuyaweka.

Alisugua. Akatazama pamba. Akaleta taa karibu na ukingo, akakaa amechuchumaa muda mrefu hata magoti yakalia alipoinuka. Ile mikono misafi ilikuwa myeusi hadi kwenye kifundo.

"Nani?"

"Sisemi."

"Nina haki ya kujua, Bi Dethloff. Hili ni jumba ninaloliongoza mimi."

"Unayo haki. Lakini nani si swali la ripoti. Ripoti inauliza ndege ni ya nani, na wewe ulikwisha kujibu kabla hatujaosha tope. Aliyepaka hapa alikufuata wewe. Ulihitaji doa jeusi, ukaletewa."

Nilijua ninaweza kufukuzwa kwa hayo. Nilikuwa nimeshachukua vyombo vyangu vya chai na kuviweka kwenye mfuko.

Hakunifukuza. Alikwenda kunawa, akarudi na ile ripoti iliyopigwa chapa, akaikunja mara mbili akaitia mfukoni. Akasema, bila kunitazama, kwamba baba yake alikuwa akimsimulia habari za Kapteni Brenneisen kila Jumapili, na kwamba pengine hilo lilitakiwa kuandikwa kwenye ripoti pia. Kisha akaniambia niandike mpya. Yeye atahakiki kila mstari.

Nikamwambia namna hiyo tutaelewana.

Jumanne, 7 Februari

Amehakiki. Ripoti yangu ilikuwa na kurasa nne. Sasa ina kumi na moja, na kila alichokiongeza ni sahihi. Sikutegemea kuandika sentensi hii.

Tumeandika tunachokijua na tukaishia hapo. Chumba kizima kilipakwa 02 tu. Ubao wa saa mweusi hauthibitishi mwaka. Mabaki ya ghalani yanawezekana lakini ni nadra. Kwa karatasi za Kapteni tulizonazo, hii si ndege yake. Inaelekea ilitengenezwa kabla ya 1942. Jina la rubani hatulijui. Mstari huo wa mwisho niliuandika mwenyewe, na ulinichukua asubuhi nzima.

Jumatatu, 13 Februari

Henning yuko ndani ya ndege na vijiti vyake vya pamba. Hatuzungumzi.

Ijumaa, 24 Februari

Chama cha wastaafu kimejibu. Paa hakuna. Barua inamwita Ostertag mtu asiye na heshima kwa wafu. Aliisoma kwa sauti mbele yetu, akaibandika ubaoni karibu na ratiba ya kufagia.

Jumatano, 8 Machi

Siku ya wanawake. Zamani kiwandani tulipewa ua moja kila mmoja na hotuba ndefu. Leo Henning aliweka ua la kwenye chungu juu ya meza yangu, akarudi ndani ya ndege. Amemaliza robo tatu. Rangi ya chini haina mkwaruzo. Nilimwambia anafanya kazi nzuri. Ndiyo maneno ya kwanza tangu Januari, na yalitoka kwa shida.

Jumatatu, 20 Machi

Ofisi ya makaburi imekubali ripoti. Jiwe litaandikwa "Rubani asiyejulikana" na mwaka hautaandikwa. Nilimpelekea Bi Irmgard barua mwenyewe, kwa baiskeli, kuzunguka ziwa. Nilikuwa nimejiandaa kumliwaza. Yeye ndiye aliyenivua buti zilizolowa na kuziweka karibu na jiko.

Alisema asiyejulikana anamfaa. Atampelekea maua. Na kama kuna dada mwingine mahali fulani anayedhani ni wa kwake, aje, benchi la makaburini ni refu.

Jumamosi, 22 Aprili

Mazishi yalikuwa saa nne, watu tisa, upepo. Baada yake Bi Irmgard aliomba kuja bandani.

Hatujapaka chochote. Chumba cha rubani kiko kama kilivyotoka ziwani, kimeoshwa tu, na mvua ikinyesha tunakifunika kwa turubai. Ukutani pana sheria ya Ostertag kwa herufi kubwa: hairuhusiwi kugusa wala kukaa. Irmgard aliisoma hadi mwisho, kisha akaniuliza ngazi iko wapi.

Nikamtazama Ostertag. Akavua koti lake zuri, akalitandika kwenye kiti cha mbele. Henning akaleta ngazi, akamshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto, tukampandisha. Aliketi. Alikuwa mdogo mle ndani, kichwa tu kilionekana. Akageuka kutazama ukuta wa kushoto, kisha wa kulia, kisha akaweka kiganja juu ya kile kijivu chenye ukijani na kukiacha hapo.

"Kwa hiyo hiki ndicho alichokuwa anakiona," alisema.

"Labda," nikasema. Ilinibidi.

"Labda," alikubali, bila hasira yoyote.

Nje zikasikika gari mbili. Walikuwa wazee wanne wa kile chama cha wastaafu. Walikuwa wamefika kudai picha ya Kapteni waliyotuazima, na walitaka waonyeshwe ndege hiyo ambayo imewanyima shujaa wao. Ostertag alitoka akarudi, akasogea kwenye ngazi, akasema taratibu kwamba kuna wageni mlangoni na wana haraka, wanauliza kama mama atachukua muda.

Irmgard hakugeuka.

"Waambie wangoje," alisema. "Mimi nilingoja miaka hamsini na minne."

Ostertag akaenda kuwaambia, kwa maneno hayo hayo. Henning akafunga mlango.